Vitesi ya Murhula ku Kona ya Kadutu

Wiki iliyopita nilienda Nguba kumuona Maman Faida. Tulikuwa hatujaonana tangu wakati nywele yake ilikuwa nyeusi, na yangu pia, hata kama mi yangu ninaifichaka mu kitambaa. Leo anakaa kwa binti yake, mu nyumba yenye karo, vigae ya kungaa, chini, kwenye ziwa inaonekana ku dirisha sawa mutu ameipanguza asubuhi. Bakaniikalisha mu kiti ya foteyi ya laini sana, nikazama mpaka magoti ikawa juu kuliko kichwa. Tukakunywa chai. Tukaongea sukari, tukaongea tansio ya damu, tukaongea magoti, kisha maneno ikaisha na tukabakia kuangalia televizio yenye haikuwa inasema kitu, sawa batu benye banangoja munganga. Njo pale kamio moya ikakuya kupanda mulima wa inje ya nyumba. Shofere akapunguza, motere ikanyamaza kidogo, ikalia mara moya, kisha ikakamata vitesi, gia, ya chini na kuendelea na kilio ya nguvu. Sisi bawili tukainua kichwa pamoja, sawa mbuzi mbili zenye zimesikia mulango. Maman Faida akaniangalia, akasema polepole: “Weka maji, Bibi-arusi.” Tulicheka mpaka binti yake akatoka mu chumba kuona kama kuko mutu amekufa. Hakuelewa kitu, na namna gani ataelewa, mutoto mwenye anapika na kurant ya umeme? Kisha Maman Faida akapanguza macho, akaendelea kupanguza, na nikaona ile haikuwa tena ya kucheka.

Ya bazazi yangu sitasema mingi. Balikuwa batu bazuri, balinikuza, inatosha. Masomo niliacha mu troisième, mwaka ya tatu ya sekondari, ao tuseme masomo ilikuwa imeniacha mbele, mi nilichelewa tu kujua. Ile mwaka yenye ninataka kusema ni ya kwanza ya ndoa yangu, wakati nilitoka kwetu na mufuko moya ya nguo na kuingia mu chumba ya mbao kule Kadutu, mu Bukavu, mu parseli, kiwanja ya majirani wengi, yenye ilikuwa juu kabisa ya barabara, kwenye ukipeleka nguo kuanika lazima ujue muguu gani unatangulisha. Chumba ilikuwa na kitanda, meza, na dirisha yenye haikufungukaka. Manjanja, ile mabati ya juu, ilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na saa sita jua ilikuwa inaingia mule na kupanga alama ndogo-ndogo chini, zinatembea polepole kutoka kitanda mpaka ku mulango. Mi nilikuwa ninazifuata na macho. Hiyo njo ilikuwa kazi yangu ya muchana. Mufuko yangu ya nguo niliiweka chini ya kitanda na sikuifungua. Nguo ya kuvaa nilikuwa ninatosha moya-moya, ninafua, ninarudisha mule. Sikujiuliza juu ya nini. Mutu mwenye amefika kweli anapanga nguo yake. Mi nilikuwa sawa mutu mwenye anangoja basi.

Bwana yangu, Murhula, alikuwa anaendesha kamio ya muzee moya wa biashara. Alikuwa anapeleka chumvi, sabuni na sukari mpaka Bunyakiri, anarudisha mawese, mihogo na makala ya kupikia. Ukisikia hivi unaweza kusema ni safari ndogo. Ile barabara wakati ya mvua haikuwa barabara, ilikuwa supu. Alikuwa anaenda, na siku ya kurudi barabara njo ilikuwa inachagua. Telefone ilikuwa kitu ya bakubwa. Sisi bengine habari yetu ilikuwa inatembea na miguu. Basi nilibakia peke yangu, mi mwenye kwetu balikuwa bananiita radio. Nilikuwa ninaongea na sufuria. Nilikuwa ninaipatia hata majibu yake, na sauti ingine. Jirani wa upande wa kushoto, mwalimu na bibi yake, balikuwa banachekeshana kila mangaribi nyuma ya mbao, na mi ninakula sombe yangu, majani ya muhogo, nikisikiliza. Siku moya mwalimu alisema neno juu ya mukwe wake, tamu kabisa, na nikacheka kwa nguvu. Ukuta ikanyamaza. Tangu siku ile balianza kuongea chini-chini, na mi nikapoteza hata ile radio.

Maman Faida njo alinikamata mukono. Bwana yake, Papa Faida, alikuwa shofere wa kamio ingine ya muzee yule, na ni yeye alifundisha Murhula kazi. Maman Faida alikuwa mama mukubwa wa mwili na wa mudomo, na aliniita Bibi-arusi tangu siku ya kwanza, hata wakati nilikuwa nimekwisha kuchakaa. Mu ile parseli kulikuwa desturi moya yenye hakuna mutu aliniambia mbele. Chini yetu barabara ilikuwa inapinda na kupanda kwa gafula, na kamio yenye mizigo haiwezi kupita pale na vitesi ya tatu. Lazima shofere arudishe ku ya pili. Sasa zile kamio za zamani, bwate yake, sanduku ya vitesi, haikuwa na huruma. Ukivuta tu vitesi chini, meno inasaga, na kila mutu wa Kadutu anajua weye ni mujinga. Lazima ufinye ambreyaje, ile klachi, utoshe vitesi, uache ambreyaje, upige moto kidogo ili motere ikimbie sawa na vile mapineu, matairi, iko inavuta, kisha ufinye tena na uingize. Bashofere baliitaka ile double débrayage, kufinya mara mbili. Sisi bamama ya juu hatukuwa na jina yake. Tulikuwa tunasikia tu: motere inalia, inanyamaza, inatupa sauti moya, kisha inanguruma vikali. Na kila shofere alikuwa na sauti yake mu ile katikati. Bibi ya shofere akisikia ya bwana yake pale ku kona, anawasha mbabula, jiko ya makala, na kuweka maji, juu bwana atapanda mpaka soko, atashusha mizigo, kisha atashuka na miguu, na wakati atafika ku mulango bugali inatoka moshi. Mbabula ya moto ilikuwa salamu. Na mbabula baridi pia ilikuwa inasema: bwana akirudi safari na akute majivu, bibi ametangaza ya kwamba ako anaenda kwao. Maman moya wa parseli aliondokaka vile, bila kusema hata neno, bila kulia, na majivu tu.

Mi sikujua kutofautisha sauti, na ya majivu sikuijua kabisa; niliona tu bamama banawasha, nikaiga. Ile mwezi ya kwanza nilikuwa ninawashia moto kila kamio ya Bukavu. Ninasikia kilio ku kona, ninaruka, ninapuliza makala, ninasonga bugali yenye ingetosha kikosi ya basoda, kisha ninaikala ku mulango na mikono mu mapaja. Anapita shofere wa mutu mwengine. Ninakula ile bugali peke yangu mangaribi, ninaikula asubuhi imekuwa sawa sabuni. Nilinenepa. Batu ya kwetu balifurahi, balisema ndoa imenikubali. Maman Faida alinicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniita ku ukuta ya mawe, tukaikala pale siku mingi tukichambua lengalenga, na akanifundisha kusikia. Ile yenye inalia sawa mafuta ya moto, iache, ni ya jeshi. Ile yenye inasaga meno, ni mutoto wa muchungaji, ataua kamio ya baba yake. Ya bwana yake ilikuwa mara moya, nguvu, sawa mutu amepiga chafya mu kanisa. “Na ya kwako,” akaniambia, “ya kwako anapiga hodi. Sikiliza. Anatupa moto kidogo, hana imani, anatupa tena.” Ilikuwa kweli. Hu-huum. Murhula hakuaminiaka ya kwanza. Hata ku mulango ya nyumba yake alikuwa anakohoa mbele ya kuingia.

Kuanzia pale mwaka ikakuwa na umbo. Ningeweza kukaa siku zote nimenyamaza sawa kiti, kisha hu-huum pale chini, na damu inarudi mu mikono. Makala, maji, unga, samaki ndogo za sambaza mu mafuta. Murhula anaingia na harufu ya mawese na ya udongo, anaangalia moshi ya bugali, anatingisha kichwa. Hakuulizaka namna gani ninajua. Alikuwa mutu wa maneno kidogo, na ile kidogo alikuwa anaiachaka Bunyakiri. Anakula, mi ninasema zote zenye nilikuwa nimeweka: ya mwalimu, ya mbuzi ya jirani, ya mutoto wa muchungaji. Anacheka na mabega tu. Kisha analala, kisha anaenda. Niliwaza anajua. Niliwaza ile hodi ya ku kona alikuwa anaipiga juu yangu, na kama mutu anakupigia hodi kutoka mbali vile, unaweza kungoja. Mufuko lakini ilibakia chini ya kitanda.

Kisha muzee wa biashara akanunua kamio mupya. Mupya ni namna ya kusema, ilikuwa imezeekea kwa bengine, lakini bwate yake ilikuwa ya kisasa, yenye inapatanisha meno yake yenyewe. Murhula alinielezea ku meza na vijiko viwili, na ile ilikuwa hotuba mrefu kuliko zote nilisikia kwake: zamani kijiko hiki kinazunguka mbio, hiki polepole, na ni muguu ya mutu njo inabipatanisha; sasa kuko kachuma ndani kenye kanafanya ile kazi. Unafinya mara moya, unavuta, basi. Goti yake ya kushoto itapumuzika. Alikuwa na furaha ya mutoto. Mi pia nilifurahi juu ya goti. Akaenda na kamio yake ya bluu, na nikakaa ku ukuta ya mawe na Maman Faida, na siku zikapita, na kamio zikapita, na hakuna hata moya ilipiga hodi.

Alirudi mangaribi moya, mi nimelala juu ya kitanda na kiatu moya ku muguu. Mbabula ilikuwa majivu. Alisimama pale mu mulango, akaangalia, akaenda kununua mikate, akaikula ya kukauka. Nikaomba musamaha, nikafanya mizaha juu ya kiatu. Mara ya pili ikawa vilevile: nilikuwa ku robine, bomba ya maji, foleni, na wakati nilirudi na bido ya maji ku kichwa nikamukuta ameikala mbele ya majivu sawa mutu ku kilio. Parseli yote iliona. Bamama balinyamaza vile nilipita, na mi niliwaza banacheka bido. Ile safari aliondoka asubuhi bila kukohoa. Ningeweza kuwasha moto kila siku, mutu atasema. Lakini makala haikuwa ya kuchezea, na mi nilikuwa nimekwisha kukula bugali baridi ya mwaka muzima. Kitu ilivunjika mu roho, nikasema sitapikia tena kamio ya batu. Nilianza kuangalia ile mufuko. Nilikuwa ninaivuta na muguu, kidogo, kuona kama ingali na uzito.

Mara ya tatu alinikuta ninafagia. Alama za jua zilikuwa zimefika ku mulango, na yeye akasimama juu yazo. Hakuingia. Akaangalia mbabula, akaangalia chini ya kitanda, kwenye mufuko ilikuwa imetokea nusu. Akavua kofia. Akasema na sauti ya chini, yenye mwalimu wa nyuma ya mbao hakuweza kusikia:

“Kama unataka kurudi kwenu, uniambie na kinywa. Usiniambie na mbabula.”

Mu kichwa yangu kulikuwa mizaha mingi, mi ninalala nayo. Niliiacha, juu njo pale nilielewa majivu yangu ilikuwa imemuambia nini. Basi nikafanya kitu yenye nilikuwa ninafanyaka kwa Maman Faida kumuchekesha. Nikasimama katikati ya chumba, fagio mu mikono, na nikamupigia kamio ya zamani. Nikanguruma kutoka chini ya barabara. Nikapanda. Nikanyamaza pale ku kona. Nikafanya hu-huum. Kisha nikaingiza vitesi ya pili na kupanda mpaka sokoni na machozi. Kule nyuma ya mbao mutu aliacha kijiko ianguke.

Murhula akasema: “Ile ni mi?” Nikasema ni yeye. Akasema: “Ninapigaka mara mbili?” Kumbe hakujua. Mwaka muzima nilikuwa ninaolewa na hodi yenye mwenyewe hakujua anaipiga. Na yeye mwaka muzima aliwaza ile bugali ya moto ni roho yangu tu inamuambia, na wakati bugali ilipoa alijua roho imepoa. Akaingia, akaikala ku kitanda, akasukuma mufuko chini na kisigino, si kwa kasirani, ni kwa kupata nafasi ya miguu. Kisha akavua viatu yake, akaomba yangu moya, akapanga zote tatu chini mbele yangu. Kiatu ya kushoto ambreyaje, ya katikati freni, sandale yangu akselera ya kupiga moto. Mwiko ya bugali akaitia mukononi mwangu, njo levye, mukono ya vitesi. “Finya,” akasema. “Tosha. Acha. Sasa umupatie moto, lakini kidogo, sikiliza mbele.” Nikafinya kiatu, nikapiga sandale, nikafanya sauti na mudomo. Alinisahihishia sauti kuliko miguu. Nilikuwa ninapiga moto mingi sana, juu ya haya. Akasema motere haiombi nguvu, inaomba tu ukimbie sawasawa na yenye inakungoja chini. Ile mangaribi tulikula mikate na maji. Na mi niliendesha kamio mpaka Bunyakiri na kurudi, ndani ya chumba ya mbao, na sandale moya.

Hakuniahidi kitu. Asubuhi alikohoa ku mulango, akaenda. Mvua ikaanguka, barabara ikakuwa supu, na bashofere benye balirudi na miguu balisema kamio zimepangana kule mu matope sawa ngombe. Mi niliikala ku ukuta ya mawe. Maman Faida aliniletea mahindi ya kuchoma. Wakati barabara ilikauka, kamio zikaanza kupanda, moya, ingine. Yule wa chafya akapita, na Maman Faida akakimbia ku mbabula yake bila hata kuniaga. Nikabaki peke yangu na ganda ya muhindi. Kisha motere moya ya safi, ya kisasa, ikakuya chini ya kona. Haikuwa na sababu ya kunyamaza pale. Ikanyamaza. Hu-huum. Sawa mutu mwenye viatu mupya lakini anachechemea kwa makusudi. Sikuruka. Niliikala kwanza kidogo, kisha nikaenda kuwasha. Na wakati maji ilikuwa inangoja kutokota nikavuta mufuko, nikaifungua, nikapanga nguo yangu yote ku msumari na ku kamba. Ilikuwa kidogo kuliko vile niliwaza. Kwa uzito ningesema nilikuwa na duka.

Bashofere benzake balimucheka miaka mingi. Fundi wa muzee alikuwa anasema Murhula anatafuna uji. Bwate ya kisasa, na yeye anafinya mara mbili sawa iko ya mababu. Alisema tu ni goti, inapenda mazoezi.

Murhula alikufa mu kitanda yake, mangaribi, na mimi pembeni, hakuna kona, hakuna matope. Aliniachia ka-Toyota kadogo ka levye, ka vitesi za mukono, na alikuwa amenifundisha kakuendesha kweli, na viatu ya kweli. Bajukuu bananicheka juu ninafinya mara mbili. Ninabaambia ni uzee. Nyumba yangu leo iko na vyumba mingi na mbabula hapana, na kamio zinapita mbali. Nikiwasha moto ninawasha juu yangu mwenyewe, saa yoyote, hakuna mutu wa kukosea. Ninaongea tena na sufuria. Imezeeka, haijibu sawa zamani.

Siku ile ya Nguba, niliaga Maman Faida, nikapanda ule mulima wa inje na ka-Toyota. Sikuwaza. Muguu ilifinya yenyewe mara mbili. Leo asubuhi nimerudi kumuona, nimemupelekea sambaza. Ule mulima wakati unashuka njo mubaya zaidi, freni peke yake haitoshi, lazima urudishe ku ya pili na motere ikushikilie. Nikafinya, nikatosha, nikapiga moto kidogo, sina imani, nikapiga tena. Nikaegesha. Mbele nipige hodi, binti ya Maman Faida akafungua mulango na uso ya mutu mwenye ameshindwa na mama yake. Aliniambia mama amemusumbua tangu siku ile nilipanda mulima, hataki kurant, hataki bwilwar ya umeme ya kuchemusha maji, amemulazimisha kutosha mbabula ya zamani mu depo, chumba ya kuweka vitu, na sasa karo yote iko majivu. Nikapita naye mpaka nyuma. Maman Faida alikuwa ameikala ku ka-kiti kadogo, anapuliza makala na kifuniko ya sufuria, na hakugeuka.

“Ingia,” akasema. “Maji iko karibu.”